Nani kasema hili si shairi? Kezilahabi na kalamu yangu nyekundu

Jumapili, saa mbili usiku, Kawe.

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea sana. Wapo walionitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu, wiki nane za kuamka saa kumi na moja alfajiri na kurudi nyumbani sauti imekauka kama ya konda wa Kawe–Mwenge. Bumu nalo liliisha wiki ya tatu, kwa hiyo hata vocha ilikuwa anasa. Sasa imekwisha, nimepumzika, naweza kuandika.

Leo sina stori za kuchekesha. Nina stori moja ya aibu, na nyuma yake historia ya mtu mmoja ambaye nilidhani namjua kwa sababu nilimjibia swali la mtihani nikapata A. Kumbe sikumjua.

Nianze na aibu. Shule niliyopangiwa siitaji jina, ni shule ya kata tu hapahapa Kinondoni. Nilipewa kidato cha tatu, Kiswahili na Historia, wanafunzi sabini na kitu darasani. Wiki ya sita nikawapa zoezi la kutunga shairi, mada huru. Nilikuwa nimeshawajazia ubaoni kila kitu: vina vya kati, vina vya mwisho, mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, mishororo minne kwa ubeti, kituo. Wengi wakaleta mashairi ya UKIMWI, uzalendo na faida za elimu. Vina vimekaa, mizani imekaa, na usingizi nao umekaa.

Katikati ya rundo nikakuta daftari la dogo mmoja anayekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Aliandika habari za baba yake anayetoka kabla hakujakucha na kurudi yeye ameshalala, hivyo anamjua baba kwa viatu vilivyoachwa mlangoni. Siku viatu vikiwa na tope, anajua kazi ilipatikana. Siku vikiwa vikavu, anajua asubuhi hakutakuwa na chai. Halafu siku moja viatu havipo. Basi, anaishia hapo.

Hakuna kina hata kimoja. Mishororo mingine maneno matatu, mingine kumi.

Mimi nilifanya nini? Nilichukua kalamu nyekundu nikampa tatu ya kumi. Chini nikaandika: "Hakuna vina, hakuna mizani. Hili si shairi."

Kesho yake dogo alinifuata nje ya ofisi, mikono nyuma, adabu zote. "Shikamoo mwalimu. Samahani mwalimu, naomba kuuliza. Kwani nani kasema?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba ndivyo kanuni zilivyo, arudi darasani. Akasema "sawa mwalimu" akaondoka. Nilipokaa kitini ndipo nikahisi masikio yanawaka moto. Mwaka jana tu, kwenye mtihani wa fasihi, niliandika kurasa nne za kumtetea Euphrase Kezilahabi dhidi ya watu waliomwambia maneno yaleyale niliyomwandikia yule dogo. Kumbe nilimtetea kwa ajili ya maksi tu. Nilipopewa kalamu nyekundu nikahamia upande wa pili bila hata kujua.

Basi tangu TP iishe nimekuwa nikimsoma upya huyu mzee. Nawapa kwa ufupi niliyoyaona, hasa nyie wenzangu wa ualimu mnaoenda TP mwakani.

Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944, kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Kisiwa hicho usikidharau. Mwaka mmoja baada ya yeye kuzaliwa, 1945, Mkerewe mwingine aitwaye Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya kubwa kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ilikaa miaka 35 bila kuchapwa, hadi ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na Kitereza akafariki mwaka uliofuata. Kwa hiyo wakati Kezilahabi anakua, kisiwani palepale kulikuwa na mzee ana muswada wa riwaya ndani na hakuna wa kuuchapa.

Alisoma seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha mwaka 1967 akaja Mlimani. Hebu fikirieni alifika chuo cha namna gani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza karibu 400. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Chuo kilikuwa kidogo, bado ni tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kila mtu alikuwa anabishana kuhusu nchi iende wapi. Ndani ya joto hilo huyu kijana kutoka kisiwani alisoma fasihi na, sikilizeni vizuri, ualimu. Alimaliza mwaka 1970, mwaka uleule Mlimani ilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea, kisha akaenda kufundisha sekondari. Yaani alikuwa mwenzetu. Naye alishika chaki.

Mwaka 1971, umri wake miaka 27 hivi, ikatoka Rosa Mistika. Walioisoma wanajua. Rosa ni binti wa Namagondo, kijiji chake mwenyewe mwandishi, mwenye baba mlevi anayemlinda kwa fimbo badala ya maneno. Akitoka nje ya ile fimbo hajui chochote kuhusu wanaume wala kuhusu mwili wake, na waliopaswa kumlinda, wakiwemo wakubwa wa elimu, ndio wanaomtumia. Anafika hadi chuo cha ualimu, na mwisho wake ni wa kusikitisha sana.

Kitabu kilipigwa marufuku shuleni. Walioogopa walisema kitaharibu watoto. Baadaye, miaka ikapita, kikarudishwa na kuwa kitabu cha kusomwa shuleni. Hapo mimi nacheka na kusikitika kwa pamoja. Kitabu chenyewe kinasema kwamba ukimficha mtoto mambo ya dunia, dunia itamfundisha kwa ukatili. Na sisi wakubwa tukajibu kwa kukificha kitabu. Alichokisema tukakithibitisha.

Mwaka 1974 alitoa vitabu viwili. Kimoja ni Kichwamaji, habari za Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao likizo na kukuta yeye si wa kule tena wala si wa mjini. Amesoma sana, na kusoma kumemwachia maswali ambayo hana wa kumuuliza. Wenzangu mnaotoka mikoani mkisoma hicho usiku peke yenu hosteli, mtaamka mnatafuta mtu wa kuongea naye.

Cha pili ni Kichomi, diwani ya mashairi. Hapa ndipo moto ulipowaka.

Ili mwelewe moto wenyewe, inabidi niwaambie na upande wa pili, maana kwenye madesa yetu upande huo huwa tunaufupisha sana. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Huyu ndiye baadaye alikuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri. Kitabu chake ndicho kikawa msahafu wa vina na mizani. Baada yake hata mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili shuleni alikuwa na mahali pa kuanzia. Magazeti yalikuwa na kurasa za mashairi, watu wanajibizana kwa tarbia wiki hadi wiki.

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa mmoja wa hao. Hakuwa maarufu, lakini alikata vipande vya magazeti vilivyochapa mashairi yake akavihifadhi kwenye kopo la biskuti. Nikiwa mdogo alikuwa akinihesabia mizani kwa vidole, nane, pumzika, nane. Kwake yeye mizani ilikuwa kama udhu kabla ya swala. Huwezi tu kuamka ukaanza.

Sasa katika mazingira hayo akaja kijana wa Ukerewe na mashairi yasiyo na vina, yasiyo na mizani, na utangulizi unaoeleza kwamba amefanya makusudi. Hoja yake, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba alitaka ushairi utumie lugha ya watu wa kawaida wanavyozungumza kila siku, na kwamba fikra isilazimishwe kuvaa nguo isiyo saizi yake eti tu kwa sababu nguo hiyo ipo.

Hakuwa peke yake. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi waliitetea njia hiyo, na mwaka 1979 wakatoa kitabu chao cha kunga za ushairi. Upande wa pili walikuwepo watu wazito pia. Jumanne Mayoka aliandika kitabu kizima miaka ya 1980 kuhusu mgogoro huo. Ibrahim Noor Shariff, Mzanzibari, mwaka 1988 alitoa Tungo Zetu akiwa Marekani, akieleza kwa kina kwamba Waswahili wana tungo za aina nyingi zilizotokana na maisha yao wenyewe, na kwamba anayetaka kuzungumzia ushairi wa Kiswahili aanze kwa kuwauliza wenyewe.

Na mimi nikiri kitu. Nilipowasoma wa upande wa pili vizuri, nilishindwa kuwacheka. Chukua mfano wa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa na serikali ya Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Gerezani akatunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakachapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Yote yamefuata kanuni za jadi, na yana moto kuliko mashairi huru mengi niliyowahi kusoma. Kwa hiyo anayesema vina vinaua fikra, aende akamwambie mtu aliyeshika vina gerezani asipotewe na akili.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi? Kwenye mtihani tunaandika "wanausasa wana hoja, wanamapokeo nao wana hoja, mimi naungana na..." tunapata maksi tunakwenda kula. Lakini nadhani swali hilo si lenyewe. Swali ni lile la dogo wangu: nani kasema? Na tukisema "nani kasema" kwa heshima, ni lazima tukubali kwenda kusikiliza jibu.

Hapa ndipo nilipomvulia kofia Kezilahabi. Watu wengi wanadhani aliacha vina kwa sababu havijui. Yule mtu mwaka 1976 alikamilisha shahada ya pili hapo Mlimani, na tasnifu yake ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Shaaban Robert! Yaani baba wa mapokeo mwenyewe. Huyo anayeitwa mharibifu alikuwa amekaa miaka akimsoma mkubwa wa nyumba ukurasa kwa ukurasa. Alivunja mlango wa chumba ambacho alikuwa ameshakaa ndani yake.

Kati ya hapo riwaya ziliendelea. Mwaka 1975 Dunia Uwanja wa Fujo, halafu mwaka 1979 Gamba la Nyoka, inayoingia moja kwa moja kwenye habari za kuhamishia watu vijiji vya ujamaa na wasomi waliopaswa kuwaongoza. Akaandika na tamthilia, Kaptula la Marx, ya kuwacheka viongozi wanaotaka kuvaa kaptula ya mtu mwingine isiyowatosha. Hiyo aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1970 na haikuchapwa hadi 1999. Miaka ishirini! Mnakumbuka Kitereza? Ukerewe na miswada inayosubiri, sijui kuna nini.

Halafu Marekani. Alikwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, mji wa Madison, kwenye idara ya lugha na fasihi za Kiafrika. Ndani ya idara hiyo alikuwepo profesa Mmarekani, Harold Scheub, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa hadithi simulizi. Scheub alitembea maelfu ya kilomita kwa miguu kusini mwa Afrika, kijiji kwa kijiji, akiwarekodi watambaji, kisha akafundisha pale Madison kwa zaidi ya miaka 40. Jambo hili linanifurahisha. Mmarekani ametembea kwa miguu kuja kutusikiliza sisi tunavyosimulia, na Mkerewe amepanda ndege kwenda kule kuuliza kwa nini tunasomwa kwa miwani ya wengine.

Maana hilo ndilo lilikuwa swali la tasnifu yake ya udaktari, aliyoimaliza mwaka 1985. Ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Nitajaribu kuisema kwa Kiswahili cha Kawe, na walimu wangu wanisamehe. Sisi tukiwa darasani tunachukua nadharia iliyozaliwa Ulaya, tunaibandika juu ya riwaya ya Kiswahili, tunaona imekaa hapa, haikukaa pale, tunaandika hitimisho. Kezilahabi akauliza: je, watu wenyewe wanaelewaje kuwepo, kufa, wakati, lugha? Kama mtu anaandika kutoka ndani ya uelewa huo, utamfasiri vipi bila kuanzia humo?

Mnaona? Ni swali lilelile. Mwaka 1974 aliuliza nani kasema shairi lazima liwe hivi. Mwaka 1985 akauliza nani kasema fasihi yetu lazima isomwe hivi. Mtu mmoja, swali moja, kutoka darasa la sekondari hadi Madison.

Aliporudi alilijibu kwa vitendo. Akatoa diwani ya pili, Karibu Ndani, mwaka 1988, kisha riwaya mbili fupi, Nagona na Mzingile, zilizoanza kusomwa sana na wasomi miaka ya 1990. Hizi bwana ni habari nyingine kabisa. Hazina Namagondo, hazina baba mlevi, hazina hata mji unaoujua. Nagona ni kitabu chembamba mno, hakifiki kurasa mia, lakini ukikifungua unakutana na safari isiyo na ramani, wanafalsafa wa Ulaya kina Plato na Marx wanajitokeza humo kama wapangaji, na mtu anamtafuta paa asiyekamatika. Mzingile inakupeleka hadi kwenye dunia iliyoharibika.

Niwe mkweli. Nagona nimeisoma mara tatu kwenye kimbweta, na mara mbili kati ya hizo nililala. Na hapa ndipo nina ugomvi na mzee wangu. Yeye ndiye alisema ushairi utoke kwenye chumba cha wachache uje kwa watu wa kawaida. Sasa mbona riwaya zake za mwisho zimekuwa chumba ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu anagonga mlango hafunguliwi? Rosa Mistika nimeiona hadi kwa mama mmoja muuza genge hapa Kawe, amefunga ganda lake kwa selotepu. Nagona sijaiona popote nje ya chuo. Wenye kumtetea watasema maswali mengine hayana njia rahisi. Huenda. Lakini ugomvi wangu naubakiza palepale, nadhani hata yeye asingetaka niumalize haraka.

Miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, akafundisha huko lugha na fasihi za Kiafrika. Mwaka 2008 ikatoka Dhifa, diwani yake ya tatu. Alifariki tarehe 9 Januari 2020, hapa Dar es Salaam, umri wake miaka 75.

Na dunia imeanza kumfuata sasa. Mwaka 2015 Mmarekani Annmarie Drury alichapisha tafsiri ya mashairi yake teule huko Michigan. Mwaka 2025 Rosa Mistika ikatoka kwa Kiingereza, mfasiri Jay Boss Rubin, naye Mmarekani. Zaidi ya miaka 50 tangu tulipokificha kitabu kile watoto wetu wasikione, wanafunzi wa Marekani wanakisoma kama fasihi ya dunia. Naona fahari, kisha najiuliza wa kwetu wangapi wanakisoma.

Sasa nirudi kwa dogo.

Kuna kitu sijawaambia. Siku ya mwisho ya TP, katika haraka ya kukusanya vitu vyangu, nilibeba daftari lake. Si kwa makusudi, lilikuwa katikati ya andalio langu la masomo. Liko hapa mezani, kwenye kitambaa cha mama mdogo, pembeni ya sufuria ya wali. Maksi zimeshaingia kwenye rejista ya shule, tatu ya kumi, siwezi kuzifuta. Lakini daftari ninalo.

Jana nilimsomea babu lile shairi kwa simu. Nilijua atakataa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya hadi nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Huyo mtoto hajui kutunga." Moyo ukashuka. Akaendelea, "Mfundishe kutunga. Lakini hivyo viatu usimguse."

Wadau, nimesoma mgogoro wa ushairi kwa muhula mzima na sikupata hukumu nzuri kama hiyo ya mzee wa kopo la biskuti. Mpe mtoto kanuni zote, maana ni urithi wake na kuna siku atazihitaji. Usizitumie tu kumnyang'anya alichonacho cha kusema. Kezilahabi mwenyewe alipitia njia hiyohiyo, alimsoma Shaaban Robert kwanza, au tuseme pamoja, na viatu vyake hakukubali viguswe.

Kesho asubuhi napanda daladala kwenda ile shule. Nimeshaandika chini ya yale maandishi yangu mekundu, kwa kalamu ya bluu safari hii. Nimeandika kwamba nilikosea, kwamba hili ni shairi, kwamba aliuliza swali zuri na aendelee kuliuliza. Nimemwandikia na majina mawili ya kutafuta maktaba: Kichomi na Sauti ya Dhiki. Avisome vyote viwili ndipo aamue mwenyewe.

Naogopa kidogo, nisiseme uongo. Mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi wa kidato cha tatu, hilo hatukufundishwa kwenye kozi yoyote ya ualimu. Nikikutana na walimu wa pale getini sijui nitasema nimefuata nini.

Nitawaambia ilikuwaje. Na nyie mliotoka TP, kama mna daftari la mtu mlilolichora vibaya, semeni hapa tusaidiane. Mwenye Nagona aliyeielewa naye ajitokeze, namnunulia chipsi mayai bumu likitoka.

Umeme wa Kawe unapepesa, naona utakatika. Alamsiki.